Kinyozi wa Ukoo wa Maeng

Mimi si wa ukoo wa Maeng. Naliweka hilo wazi mapema, maana wazee wa ukoo huo walinikumbusha kila siku kwa miezi kumi na minne, kana kwamba asubuhi moja ningejisahau nikadai kaburi la babu yao. Jina langu Bang Mi-ryeon. Natunga programu za kompyuta, na hasira zangu, mama anasema, ziko puani.

Kila miaka thelathini ukoo wa Maeng wa Cheonggok, kijiji cha asili yao hapa Korea, huchapa upya kitabu chake cha nasaba. Safari hii waligombana mwaka mzima, kisha wakakubaliana kwamba kabla ya kuchapa kila mtu aingizwe kwenye hifadhidata. Watu elfu arobaini na moja, vizazi ishirini na sita, majuzuu kumi na moja yenye harufu ya kabati la bibi. Walinipa meza ghorofa ya pili, juu ya mkahawa wa tambi, na mpaka leo nikinusa mchuzi wa dagaa nakumbuka makosa yangu.

Sasa sikilizeni, maana watu hudhani nasaba ni orodha. Laiti ingekuwa orodha, ningemaliza kwa wiki mbili nikaenda zangu. Nasaba ni mtu ndani ya mtu. Mwana amekaa ndani ya baba, baba ndani ya babu, babu ndani ya babu yake, kama sufuria za harusi zilizopangwa kabatini. Ukitaka kusahihisha neno moja kwa mtoto wa kizazi cha ishirini na tano, unapita milango ishirini na minne kwenda na ishirini na minne kurudi, na ukikosea mlango mmoja wakati wa kutoka, waliomo ndani wote wamekwenda na maji. Mwezi wa kwanza nilirekebisha mwaka wa kuzaliwa wa mzee mmoja aliyekufa miaka mia tatu iliyopita, nikafuta wazao wake mia nane. Nilikuwa na nakala, lakini nilikaa kuwahesabu mmoja mmoja mpaka jioni.

Baada ya hapo nikatunga visaidizi. Ni vipande vifupi vya programu, kila kimoja na kazi yake moja, hakijui kingine. Nikavipa majina, kwa sababu ukikaa peke yako na wafu elfu arobaini lazima upate wa kuzungumza naye. Wa kwanza nilimwita Fundi. Huyu unampa njia na neno jipya. Anateremka, anabadilisha hilo hilo tu, anarudi akiacha kila mlango kama alivyoukuta. Wa pili nilimwita Mkaguzi. Yeye alianza kwa babu wa kwanza akashuka hadi kichanga wa juzi, na kila mtu alimuuliza maswali matatu: Baba yako yumo humu? Umezaliwa baada yake? Jina lako limebeba herufi ya kizazi chako? Maana kwa Wamaeng, kama kwetu wengine, ndugu wa kizazi kimoja hugawana herufi moja, ambayo kwa mwandiko wetu ni silabi nzima. Wa kizazi cha ishirini na tatu wote wana Gil katika majina yao, na wa ishirini na nne wote wana Hyo.

Ile siku ya kwanza Mkaguzi aliposhuka mpaka chini bila kukwama, nilinyanyuka kitini. Sioni haya kusema. Miaka mia saba ya watu, vita vimepita juu yao, njaa imepita, vitabu vimechomwa vikaandikwa tena kwa mkono, na kila mwana bado alikuwa ameshika pindo la baba yake. Nilisimama pale na kikombe cha kahawa mkononi, mwili ukisisimka, mimi ambaye hata makaburi ya kwetu naenda kwa kusukumwa.

Mkaguzi alikataa watu thelathini na mmoja tu. Wote walikuwa wa nyumba moja, na mkubwa wao alikuwa Mzee Maeng Hyo-won.

Mzee Hyo-won alikuwa na miaka themanini na minne. Alilelewa mjini na muuza tofu, ile jibini nyeupe ya maharage ya soya, naye akauza tofu mpaka mikono ikakunjamana kama ya mtu aliyetoka kuoga. Mwaka 1946, akiwa na miaka sita, aliletwa kutoka Manchuria, kule kaskazini, katika kundi la watu waliorudi baada ya vita. Kwenye kambi ya kuwapokea karani alimwandika jina lake, ukoo wake, Maeng wa Cheonggok, na mahali pa wazazi akaandika wanawake wawili: mama, Maeng Chunja, shangazi, Maeng Gilja. Baba hakuna.

Basi. Karatasi hiyo moja ilimfuata maisha yake yote. Mtoto asiye na baba, aliyebeba ukoo wa mama, na kwetu huo si ukoo. Ubaya zaidi, Wamaeng walitafuta katika kila nyumba mabinti wenye majina hayo, Chunja na Gilja, wasiwapate. Kitabu kilipochapwa mara mbili zilizopita aliwekwa Pembeni. Pembeni ni juzuu nyembamba ya mwisho, ya watu wanaosema ni wa ukoo na hakuna wa kuwashuhudia. Aliye Pembeni haruhusiwi kuwamiminia mababu kikombe cha pombe kwenye ibada ya makaburini wakati wa vuli. Anasimama nyuma, karibu na wanaochoma nyama.

Kila Ijumaa alipanda ngazi zetu akiwa na mfuko wa tofu ya moto, anavuta pumzi kila ngazi ya tatu.

"Mwanangu, nimefika wapi leo?" angeniuliza, kama anayeulizia basi.

"Bado uko Pembeni, mzee wangu."

"Haya. Kula tofu basi, ingali moto."

Mwenyekiti wa kamati, Maeng Hyo-gu, mwalimu wa hesabu mstaafu wa miaka sabini na tisa, kila akimwona alikunja gazeti akatazama dirishani. "Bi Bang," aliniambia siku moja mzee akiwa hajamaliza hata kushuka ngazi, "huruma si hati. Akipita huyu bila ushahidi, kesho watapita mia. Na hiyo herufi Hyo aliyonayo, nani kampa? Kajichukulia."

"Mwenyekiti, mtoto wa miaka sita anajichukulia herufi?"

"Wapo wanaochukua makubwa zaidi."

Nilitaka kumtupia kishikizo cha karatasi. Lakini nitakuwa mkweli: kwa kitabu alichokuwa nacho mkononi, alikuwa sahihi. Mkaguzi wangu mwenyewe alikuwa anasema vile vile.

Siku ya kufunga ilikuwa Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo kitabu kinaenda kiwandani, na kitakachofuata ni miaka thelathini ijayo. Mzee Hyo-won alijua kuhesabu. Wiki ile aliniambia kitu ambacho sikuwahi kumsikia akisema: "Sitaki jina langu liwe kubwa, mwanangu. Nataka kumimina kikombe kimoja tu nikiwa mtu wa ndani, halafu nife zangu." Niliinamia tofu nisionekane uso.

Sasa nije kwenye kinyozi. Wiki mbili za mwisho kamati ilifungua fomu mtandaoni ili watu wajaze wenyewe taarifa za nyumba zao. Nilionya. Hakuna aliyesikia. Zikaja fomu elfu sita, na Mkaguzi akakataa elfu mbili kwa mkupuo mmoja: baba hayumo, baba hayumo, baba hayumo. Nikafungua fomu ya kwanza. Jina la baba: Hun ja, Sik ja. Ya pili: Byeong ja, Ho ja. Nikacheka kwa hasira, peke yangu, mpaka mwenye mkahawa akagonga dari kwa mpini wa ufagio.

Ni adabu yao ndiyo iliyowaponza, na ni yangu pia. Kwetu mtu halitamki jina la baba yake zima zima kama anayeita paka. Analikata herufi moja moja, na kila herufi anaiwekea "ja", yaani herufi. Baba yangu akiwa Dong-su, mtu akiniuliza nasema: Dong ja, Su ja. Tunasema hivyo tangu kuota meno, wala hatujisikii tukisema. Na wale watoto wema wa ukoo wa Maeng, wengine wana wajukuu, walipoona swali "Baba yako ni nani?" mikono yao iliandika ilichofundishwa na mama zao.

"Ni heshima hiyo," alisema Mwenyekiti, akijivuna kabisa.

"Heshima elfu mbili, Mwenyekiti. Nani atazifuta kwa mkono? Wewe?"

Akarudi kwenye gazeti lake.

Nikatunga kisaidizi cha tatu, nikamwita Kinyozi. Kazi yake ilikuwa ndogo: kila akikuta "ja" mwishoni, ananyoa, kisha anaunganisha herufi zilizobaki kuwa jina moja. Hun ja, Sik ja, akishapita Kinyozi, ni Hunsik. Mtoto wa darasa la tano angeitunga.

Haraka haraka haina baraka, nimewaimbia wanangu hivyo miaka yote, na Ijumaa ile saa nne asubuhi nikaisahau mwenyewe. Nilimpa Kinyozi wembe bila kumwambia aishie wapi. Alitakiwa kugusa jina la baba kwenye fomu tu. Badala yake akaingia mlango wa kwanza, akashuka mpaka chini, akanyoa ukoo mzima.

Nilijua nilipoona akina bibi. Majina ya wanawake wa kizazi kile, waliozaliwa chini ya utawala wa Wajapani, karibu yote yanaishia na "ja". Bibi Yeongja akawa Bibi Yeong. Bibi Malja akawa Bibi Mal. Bibi Sunja mia nne na zaidi, wote Sun, wamenyolewa upara wakiwa makaburini mwao. Na mahali palipokuwa na mabibi wawili mstari mmoja, Kinyozi alikuwa amewaunganisha kuwa mtu mmoja asiyejulikana.

"Mungu wangu," nikasema kwa sauti.

"Kuna nini?" Mwenyekiti akauliza.

"Hakuna kitu! Soma gazeti lako!"

Nakala ilikuwepo. Nilikuwa nimeshaweka kidole kurudisha kila kitu, ndipo nikaona chini kabisa ya skrini mstari wa Mkaguzi, ambaye hujiendesha mwenyewe kila kitu kikibadilika. Kwa zaidi ya mwaka mstari ule, ambao hauhesabu fomu za mtandaoni, ulikuwa haujasogea: Wasio na baba, 31. Sasa ulisema: Wasio na baba, 0.

Nilidhani Mkaguzi naye kaharibika. Nikamwendesha tena. Sifuri. Nikamuuliza wale thelathini na mmoja wamekwenda wapi, akanionyesha njia, mlango baada ya mlango, kutoka kwa babu wa kwanza: kizazi cha kumi, cha kumi na tano, cha ishirini, cha ishirini na mbili. Katika cha ishirini na tatu alikuwa amesimama mwanamume mmoja, na ndani yake Hyo-won, na ndani ya Hyo-won nyumba yake nzima mpaka mjukuu wa miezi mitatu.

Mwanamume huyo aliitwa Maeng Chun-gil.

Kwenye nafasi ya wazazi wa Hyo-won nilikuwa nimeandika Chunja, Gilja. Chun ja, Gil ja.

Nywele zilinisimama, jamani. Miaka sabini na minane ukoo wenye maprofesa na mahakimu ulikuwa ukitafuta wanawake wawili ambao hawakuwahi kuwepo. Sisi sote tunasema "ja" kutwa mara kumi, wala hakuna sikio moja lililosikia. Kipande cha programu cha mistari tisa, kisicho na mama wala adabu, kilisikia kwa sababu nilikosea kukifunga.

Nilirudisha nakala, bibi zetu wakapata mikia yao, nikamfungia Kinyozi kwenye fomu tu. Wale thelathini na mmoja nao wakarudi Pembeni, kwa muda. Nilitoka nikamkuta Mzee Hyo-won ngazi ya tisa, anavuta pumzi, nikamshika mkono nikampandisha.

"Mzee wangu, keti. Kule kambini, yule karani alikuuliza nini? Neno kwa neno."

Akashangaa. "Aliniuliza, uko na nani."

"Uko na nani. Hakukuuliza baba yako ni nani?"

"Hapana. Palikuwa na wanawake wawili wamesimama nami, walinishika mkono kwenye treni. Mama alikuwa ameshafia njiani."

"Na wewe ukamjibu nini? Usinipe alichoandika. Nipe ulichosema."

Yule mzee alisimama. Hakuambiwa asimame. Alibana miguu, akaweka mikono ubavuni kama mtoto mbele ya mwalimu, akasema kwa sauti nyembamba ya kukariri: "Mama alinifunza. Ukipotea, sema hivi. Maeng wa Cheonggok. Chun ja, Gil ja."

Kisha akageuka kunitazama, maana masikio yake mwenyewe yalikuwa yamesikia.

Gazeti la Mwenyekiti lilishuka. Yeye pia alikuwa amesikia.

"Karani alinisomea," Mzee Hyo-won akaendelea polepole. "Akasema, mama Chunja, shangazi Gilja, sivyo? Nikasema ndiyo. Nilikuwa na njaa, mwanangu. Angesema lolote ningesema ndiyo."

Mwenyekiti aliinuka, akaenda rafuni, akatoa juzuu ya tisa. Hakutafuta ukurasa. Kidole chake kiliujua. Alisoma kwa sauti: "Chun-gil, mwana wa kwanza. Alikwenda kaskazini. Hana mzao." Akafunga kitabu. "Huyu ni kaka mkubwa wa baba yangu."

Hapo nikaelewa ninachokitazama. Mwana wa kwanza. Kama Chun-gil ana mzao, basi nyumba kubwa ya ukoo ni ya muuza tofu, na Mwenyekiti, aliyemimina kikombe cha kwanza makaburini miaka thelathini, ni mtu wa pili. Ilikuwa saa tano na nusu. Angetaka kubaki wa kwanza, angesema tu "mashine imebahatisha", na saa sita ingefika.

Aligeuka kwa Mzee Hyo-won. "Hao wanawake wako wawili, unawafanyia ibada?"

"Kila mwaka. Si ndio niliopewa na karatasi kuwa wazazi? Sijui walikufa lini, kwa hiyo nawafanyia siku ya tisa ya mwezi wa tisa, siku ya wafu wasiojulikana walikufa lini. Wali bakuli mbili, mchuzi bakuli mbili."

Mwenyekiti alikaa chini, taratibu.

"Na kwetu," akasema, "siku hiyo hiyo, baba alimwekea kaka yake wali bakuli moja. Akafa, nikaendelea mimi. Kila mwaka mke wangu ananiuliza, huyo mtu asiye na mtoto utamlisha mpaka lini."

Nyumba mbili, vituo vitatu vya basi kati yao, siku ile ile, saa ile ile, bakuli tatu za wali, na mtu mmoja. Nimetunga programu miaka ishirini na sijawahi kuogopa kitu kizuri kiasi kile.

"Bi Bang," Mwenyekiti akasema. Sauti haikuwa yake. "Yule wako anayefungua milango. Mwite."

Nikampa Fundi njia: vizazi ishirini na tatu, mpaka kwa Chun-gil, palipoandikwa hana mzao. Nikabonyeza. Akashuka, akaweka thelathini na mmoja mahali palipokuwa patupu, akarudi akifunga. Mkaguzi akashuka nyuma yake akiuliza maswali yake matatu. Baba yumo. Amezaliwa baada yake. Herufi Hyo, kizazi cha ishirini na nne, sahihi. Sifuri.

"Umezaliwa mwaka gani?" Mwenyekiti akamuuliza.

"Mwaka wa joka."

"Mimi wa jogoo, miaka mitano baada yako."

Kisha yule mwalimu wa hesabu, na magoti yake mabovu ninayoyajua, alivua viatu, akapiga magoti kwenye sakafu ya ofisi, akainama mpaka paji la uso likagusa saruji. "Kaka," alisema akiwa huko huko chini, "kikombe cha kwanza ni chako."

Mzee Hyo-won alimtazama. Akanitazama mimi, kama anayeuliza yanasemwaje mambo haya. Tofu ilikuwa bado mkononi mwake, mfuko unatoa mvuke.

"Inuka, mdogo wangu," akasema. "Inuka, sakafu ni baridi. Tumimine wote wawili. Baba amezoea bakuli nyingi."